Spika za Lori na Bangili za Bibi

Enzi zetu lori lilisikika kabla halijaonekana. Pale Kamuli, likiwa bado linapanda kilima cha upande wa pili, sisi watoto tulikuwa tumeshajua ni la nani, limebeba kahawa au limerudi tupu, na dereva ana haraka au hana. Lori tupu lilipiga kelele za bati na minyororo. Lori lenye kahawa lilikoroma kama mzee aliyeshiba ndizi. Sauti nyingine ya mashine kijijini haikuwepo, labda cherehani ya fundi nguo siku ya gulio. Kwa hiyo masikio yetu yalikuwa na nafasi. Kijana wa leo masikio yake yamejaa tangu asubuhi. Unamwita mara tatu ndipo anatoa kijiti kimoja sikioni, kingine anakiacha kiendelee, halafu anakuuliza, "Unasemaje, bibi?"

Mimi shule niliisoma kidogo, madarasa mawili na mafundisho ya kipaimara. Nitaandika kama ninavyosema. Atakayeona kasoro ya herufi aisahihishe moyoni mwake aendelee.

Nakumbuka wavulana walitengeneza malori kwa mgomba. Ganda la shina lilikuwa bodi, vipande vya mviringo vilikuwa magurudumu, na dereva alikoroma kwa mdomo mpaka mate yamwishie. Sisi wasichana tulikuwa abiria. Abiria alishika kamba akatembea nyuma, na hakuruhusiwa kuongea mpaka tufike Bukoba. Bukoba yenyewe ilikuwa nyuma ya zizi la mbuzi. Tulienda na kurudi mara nyingi kwa siku, na hakuna aliyechoka wala aliyetaka nauli.

Kazi zilikuwepo pia, msidhani tulicheza tu. Mimi nililala nyumba ya Bibi, mama yake baba, kwa hiyo nilikuwa mikono na miguu yake. Asubuhi nilichota maji. Jumamosi nilikata nyasi za kutandika sakafuni, maana nyumba isiyo na nyasi mpya ilikuwa aibu ya msichana wa nyumba ile. Jioni nilimenya ndizi, na vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wiki nzima. Ndizi na maharage zilifunikwa kwa majani ya mgomba mpaka zitoe jasho, na harufu ile ilikufikia ukiwa bado kisimani. Mgeni akija alipewa kwanza kahawa ya kutafuna, kisha ndipo aulizwe kilichomleta. Mama yangu alikuwa na maneno yake. Alisema, "Mkono uliozoea kutoa vya watu, kesho utachukua vya watu." Niliyasikia maneno hayo kila siku na sikuyasikia hata siku moja. Leo nawasimulia siku niliyoyasikia.

Bibi alikuwa na kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda chake, na ndani ya kibuyu kulikuwa na bangili za miguuni. Wenzangu wa rika langu wanazikumbuka. Waya mwembamba wa shaba, mwembamba kama uzi, umezungushwa kwa ustadi juu ya singa za mkia wa ng'ombe mpaka unapata pete laini inayocheza mguuni. Mwanamke alivaa nyingi, akitembea zinaongea. Bibi alikuwa amezisuka mwenyewe ujanani. Alipobatizwa uzeeni alizivua, hakuna aliyemlazimisha. Alisema Mungu hawezi kumsikia vizuri wakati miguu yake inapiga kelele. Lakini hakuzitupa. Alisema ni za wajukuu wa kike wa nyumba hii, tukiolewa.

Kwetu ilikuwa hivi. Binti akiondoka kwenda kwa mume, alifungwa mguuni kitu cha bibi yake. Asipokuwa nacho, watu wa kule walisema huyu ametoroka, wazee wake hawakumruhusu. Hata kama mahari ilikuwa imetolewa na kunywewa, walisema. Na dada yangu Adelina, aliyekuwa anaolewa Bugomora, alikuwa na sababu ya kuogopa maneno hayo kuliko binti mwingine. Mama yake mchumba, mwanamke mmoja aitwaye Ma Tereza, hakumtaka. Alikuwa na msichana wake mwingine aliyemchagua, binti wa rafiki yake. Kijana alikataa, akamtaka dada yangu, na Ma Tereza akakubali kwa mdomo. Akatuma ujumbe: "Aje na bangili za bibi yake, tuzione." Kila mtu nyumbani alielewa kwamba mama huyo anatafuta tundu la kupitia. Adelina hakula vizuri tangu ujumbe ule ufike. Alikuwa akija nyumba ya Bibi, anakitazama kibuyu, anaondoka.

Sasa niwaambie habari za baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba. Huyu alikwenda vita vya Wazungu, na kazi yake kule ilikuwa kubeba mzingo wa waya wa simu mgongoni, anatembea huku unajikunjua nyuma yake. Alirudi na koti zito, koleo moja, na imani kwamba anajua waya kuliko mtu yeyote kutoka Bugomora mpaka Chonyonyo. Akapata kazi ya kuendesha lori la tajiri mmoja, mtu wa kutoka Muleba, mwenye duka na ununuzi wa kahawa. Tajiri yule alinunua redio. Ilikuwa ya sanduku la mbao, yenye taa ndani, inayokula betri ya gari. Akaiweka kabini mwa lori, ili wenye kahawa waje kusikiliza Dar es Salaam na kahawa yao wailete hapo hapo.

Harusi ilipokaribia, tajiri alikubali lori limpeleke bibi arusi. Baba mdogo akafurahi, kisha akaanza kufikiri. Kufikiri kwake ndiko kulikotuletea balaa. Alisema redio ya kabini inamfaa dereva na utingo tu. Wanawake watakaokaa nyuma na bibi arusi hawatasikia kitu, na watu wa njiani ndio kabisa. Kwa hiyo alikwenda kwa fundi mmoja Bukoba akarudi na spika mbili kuukuu, zimetolewa kwenye redio zilizokufa. Nilizishika kwa mikono yangu. Nyuma sumaku nzito, mbele karatasi nyeusi ngumu, na karatasi ya moja ilikuwa imechanika. Baba mdogo aliiziba kwa kipande cha gazeti na utomvu wa mgomba. Iliziba vizuri, nakiri.

Alitoboa bodi la mbao pande zote mbili kule nyuma, akazifunga spika ndani ya masanduku ya mafuta ya taa ili sauti iwe na tumbo. Alitufundisha sisi watoto huku akifanya kazi, tumechuchumaa kama kuku wanaongoja mahindi. "Sauti inataka nyaya mbili," alisema. "Mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Ukiweka mmoja, sauti inakwenda inapotea huko huko, kama mtu aliyekwenda Uganda." Alimenya ncha za waya kwa meno. Alipima lori kwa pima za mikono kutoka kabini mpaka nyuma. Lakini alisahau kwamba waya hauruki hewani kama kunguru, lazima ushuke, upite chini ya bodi, uzunguke, upande tena. Waya wa mpira alioununua ukaishia katikati ya gari.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kumsindikiza Adelina ilikuwa Ijumaa, ndoa Jumamosi kanisani kwao.

Baba mdogo alinikuta kisimani.

"Paulina, mwanangu, shaba ni nini?"

"Bangili za Bibi."

"Shaba ni njia ya sauti. Pale kwenye lori njia imekatika katikati, na kule kwa bibi yako njia imelala kwenye kibuyu inakula usingizi."

"Ni za Adelina."

"Adelina anazivaa lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Haya. Naazima Jumatatu, narudisha Alhamisi. Keshokutwa tajiri ananituma Bukoba, nanunua waya wa kweli. Na Ijumaa wewe hutakaa nyuma na wanawake kama gunia. Utakaa mbele, kabini, ubavuni mwa redio."

Nilikuwa sijawahi kukaa mbele. Hakuna msichana wa Kamuli aliyewahi kukaa mbele. Nilichukua kwanza bangili chache, nikampelekea kwenye kikapu chini ya majani ya maharage. Jioni akasema hazitoshi, nyaya ni mbili. Nikachukua nyingine. Kesho yake akasema bado kidogo. Nikachukua zote. Ili kibuyu kisiwe chepesi niliweka mahindi makavu ndani, nikakirudisha mahali pake, nikaenda kumenya ndizi.

Alizifumua moja moja. Singa za ng'ombe alizipeperusha, waya akaunyoosha kwa kuuvuta kwenye msumari. Shaba ile ilikuwa tupu, haina mpira. Na yeye alijua kabisa kwamba nyaya mbili tupu hazilali kitanda kimoja. Basi akafanya jambo ambalo naamini mtu wa kwetu peke yake ndiye angelifanya: alichukua kamba kavu za mgomba, zile tunazofungia kila kitu, mzigo, paa, mbuzi, akauzungushia kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho kama anavyofungwa mtoto mchanga. Kwetu hakuna kitu ambacho kamba ya mgomba imeshindwa kukifunga. Hakujiuliza inakuwaje ikilowa.

Jumanne jioni alijaribu. Kwanza mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya lori, pande zote mbili, kubwa, ikisema Kiswahili cha pwani. Watu walitoka mashambani na majembe. Mzee mmoja jirani alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anasema vizuri, lakini ameingia uwanjani kwa watu na hajasalimia." Akaondoka, kweli ameudhika. Mimi nilisimama pale nimejaa majivuno, maana shaba iliyobeba sauti ile niliitoa mimi. Ni mimi na baba mdogo tu tuliojua.

Jumatano tajiri hakumtuma Bukoba. Alimtuma Chonyonyo kuchukua kahawa, na Alhamisi vilevile. Alhamisi jioni nilimfuata nikamwuliza. Hakunitazama usoni. "Baada ya harusi," alisema. "Mdogo wangu, bangili ni bangili, avae zozote. Nani atakagua?" Siku zote aliniita mwanangu. Aliponiita mdogo wangu nilijua tumekwisha.

Sikulala vizuri, lakini sikusema. Ijumaa walimketisha Adelina kwenye mkeka mpya. Shangazi walimpaka samli mikono na miguu, nyumba imejaa wanawake, nje lori linapiga muziki mpaka mapande ya udongo yanatoka ukutani. Leo vijana wanafunga spika kwenye magari madogo, wanapita barabarani vioo vinatetemeka, wanadhani wao ndio walioanza. Sisi tulikuwa tumeshachokozwa na kelele hizo kabla baba zao hawajazaliwa.

Bibi akasema, "Mwambieni Zakaria anyamazishe hicho." Kikanyamaza. Akakitungua kibuyu. Hakukifungua. Alikitikisa sikioni mwake mara moja.

"Mahindi," alisema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Akakitikisa tena, akakiinamisha, mahindi yakamwagika juu ya mkeka, mbele ya miguu ya Adelina inayong'aa samli.

"Nani?"

Nilipiga magoti. "Mimi, Bibi."

"Umempa nani?"

"Baba mdogo. Ziko kwenye lori, ndizo zinazobeba sauti."

"Kwa nini?"

Nilisema kweli, sikuwa na uongo uliobaki. "Aliniambia nitakaa mbele."

Mama yangu alifunika uso. Adelina akaanza kulia. Bibi arusi wa kwetu hulia akiondoka, ni desturi, na kilio kile kina utaratibu wake na wimbo wake. Hiki hakikuwa na utaratibu. Alilia kwa mdomo wazi kama mtoto. "Atanirudisha," alisema. "Ma Tereza atanirudisha mlangoni, mbele ya watu wote."

Bibi alitoka. Baba mdogo alikuwa amesimama na kitambaa akipangusa taa za mbele.

"Zakaria, ziko wapi?"

Akaonyesha chini ya lori. Bibi, mwanamke mzee, aliinama akashika tairi, akatazama chini ya gari muda mrefu.

"Zitoke."

"Mama, kuzitoa ni dakika chache. Kuzisuka ni wiki. Jua nalo hilo linaondoka, na Bugomora si hapa."

"Wiki ngapi?"

"Wewe ndiye uliyezisuka, mama."

Bibi alisimama akijipangusa magoti. Kisha akasema, "Basi nami naenda."

Mnajua kwamba bibi wa bibi arusi hasindikizi. Anabaki nyumbani, mlango wake umefungwa. Akisindikiza ni kama amekuja kumrudisha mjukuu wake. Shangazi akamkumbusha kwa heshima, "Waitu, mama, si desturi." Bibi akajibu, "Simsindikizi mtu. Nafuata mali yangu." Akapanda kabini. Halafu akaniita mbele ya watu. "Paulina! Aliahidi utakaa wapi?"

"Mbele, Bibi."

"Njoo ukae mbele."

Nilikaa katikati yao, bega langu moja kwa Bibi, jingine kwa baba mdogo, redio imenikaribia goti. Nawaambia ukweli, sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale. Hakuna aliyenisemesha. Muziki ulipiga nyuma, wanawake wakajaribu kuimba nyimbo zao, za kanisa na za zamani, wakashindwa kujisikia, wakawa wanagonga bati wakitaka upunguzwe. Watu walitoka migombani kutazama, wakapunga mikono. Baba mdogo alitabasamu akawapungia, kisha akamwona Bibi kwa pembe ya jicho, akashusha mkono.

Manyunyu yalianza tukiwa tumeshapita nusu ya njia. Si mvua kubwa, yale manyunyu ya kwetu yanayokaa juu ya majani. Barabara ikawa tope, magurudumu yakalirusha chini ya bodi. Muziki ukaanza kukatika. Ukawa unapiga kidogo, unakwaruza, unapiga. Baba mdogo akagonga sanduku la redio kwa kiganja. Kisha ikaja harufu, na kila mtu wa kwetu anaijua harufu ya mgomba mkavu unaoungua.

"Tunapika nini?" Bibi aliuliza.

Moshi ulikuwa unatoka chini ya bodi. Kamba za mgomba zilikuwa zimelowa zikalegea, na pale waya ulipopita jirani na betri ukaanguka juu ya kichwa cha betri upande mmoja, na juu ya chuma cha gari upande mwingine. Shaba nyembamba vile haivumilii. Iliwaka nyekundu kama kaa. Nyuma wanawake wakapiga yowe, wakarukia topeni na nguo zao za harusi, wakimshusha Adelina kama mzigo wa vyungu. Baba mdogo akachukua panga, akakata mgomba wa mtu kando ya barabara, na sisi sote tukabeba vipande vya shina vinavyodondosha maji tukavibamiza juu ya moto. Ulizimika. Lakini nyaya za injini zilikuwa zimeungua pia. Alizungusha hendeli mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lori halikujibu hata kwa kikohozi.

Ilikuwa kimya sasa, manyunyu tu. Baba mdogo alikaa kwenye ubao wa mlango na koleo lake mkononi. Mtu wazima, aliyekwenda vitani, alikuwa analia bila sauti.

Adelina alisimama kando ya barabara, samli na tope miguuni. "Bibi, turudi," alisema. "Nisiende kutukanwa."

"Kaa chini," Bibi alimwambia. "Zakaria, acha kulia, lete mali yangu."

Alizivuta nyaya kutoka chini ya lori. Karibu nusu ya shaba ilikuwa imeisha pale pale, imekatika vipande vya kuchoma mkono. Iliyobaki ilikuwa nyeusi ti. Bibi aliishika kwa jani la mgomba kwa sababu ilikuwa bado ina moto. Kisha akachukua kamba ya mgomba iliyobaki, akaisokota juu ya paja lake, ndiyo ikawa badala ya singa, akaanza kuzungusha. Vidole ambavyo vilikuwa havijasuka bangili miaka mingi vilikwenda vyenyewe. "Shika ncha," aliniambia. Nilishika. Iliniunguza, na sikuambiwa niachie, nami sikuachia. Alifunga mguu wa kulia wa Adelina, akafunga wa kushoto. Hazikuwa laini, hazikuwa sawa, nyingine nene nyingine nyembamba. Hazikulia kama shaba nzuri inavyolia. Alipomaliza alisema, "Tembea."

Tulitembea. Wanawake walibeba masanduku kichwani, baba mdogo alibeba kasha la bibi arusi mgongoni kama alivyobeba ule mzingo wa waya vitani. Tulifika uwanjani kwa kina bwana harusi giza linaanza kuingia. Walikuwa wamesubiri lori lenye muziki, wakaona wanawake wenye tope wanakuja kwa miguu.

Ma Tereza alisimama mlangoni na taa ya chemli. Salamu zilisemwa zote, ndefu, hakuna aliyeruka hata moja. Kisha akaishusha taa mpaka miguuni kwa Adelina.

"Hizi nini?"

"Bangili zangu," Bibi alisema. "Zimepita motoni njiani. Mjukuu wangu mwingine alizitoa kwa upumbavu, mwanangu akazitumia kwa upumbavu, mimi nimezifunga tena."

"Nawe mwenyewe umekuja? Bibi hasindikizi."

"Sikusindikiza. Nimekuja kuona kama zimefika. Zimefika. Ukinipa maji ya kunywa narudi zangu."

Ma Tereza aliinama. Alipitisha kidole juu ya shaba, kidole kikatoka cheusi, akakipangusa kwenye kanga yake mwenyewe, kanga ya harusi. Alitazama miguu ya Bibi, tope mpaka magotini. Adelina alikuwa ananishika mkono ule ulioungua, anaubana, nami namwacha.

"Binti aliyetoroka," Ma Tereza alisema, "bibi yake hamfuati kwa miguu na umri huu." Akasogea mlangoni. "Ingia, mwanangu. Na nyie mleteeni mama huyu kiti, hakuna anayerudi usiku huu."

Hawakupendana mara moja, msidhani. Lakini dada yangu aliishi pale maisha yake yote, akazaa pale, na mama mkwe yule ndiye aliyemshika mkono kila alipojifungua. Bangili zile hakuzivua. Baada ya mwaka mmoja weusi ulikuwa umeisha, kutembea kumezisugua, shaba imerudi nyekundu. Baba mdogo aliendelea na kazi, ila tajiri aliichukua redio yake akaiweka dukani, na lori likabaki na honi.

Mimi nilingoja kipigo. Wiki nzima nililala nikingoja, hakikuja. Bibi aliniamsha nichote maji kama kawaida.

Ilipofika zamu yangu ya kuolewa, Bibi alikuwa bado hai, haoni vizuri, anakwenda kwa kupapasa. Nilikaa kwenye mkeka. Alinipaka samli miguuni kwa mikono yake, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, taratibu, kila kidole. Nikangoja. Akafunga kikopo cha samli.

"Inuka," alisema.

"Bibi, na mimi?"

"Kibuyu kilikuwa cha wawili, Paulina. Ile iliyoungua ilikuwa yako."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda kisimani. Nilikwenda kwa wakwe na miguu mitupu. Waliponiuliza niliwaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi, nimesimama, watu wote wanasikia, na baadaye mama mkwe wangu aliniambia ndiyo sababu alinikabidhi funguo za ghala kabla ya wake wa wanawe wengine.

Siku hizi mtoto akivunja kitu, mzazi ameshakimbia dukani kuleta kingine kabla machozi hayajakauka, na kama kosa ni la mtoto linageuzwa kuwa la mwalimu. Wajukuu zangu wanaposikia habari hii wananiuliza kwa nini Bibi hakunihurumia. Wanasema wazee wa zamani walikuwa wakali. Ndiyo, walikuwa wakali. Lakini yeye hakumwita mtu mwingine abebe la kwangu, wala hakunipa la kubeba lisilo langu. Na miguu ile aliyoipaka samli kidole kwa kidole, mitupu hivyo hivyo, ndiyo inayonipeleka kanisani mpaka leo.